Maji Yaliyokataa Kukauka

Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Nasema hivyo bila aibu. Mtu aliyeishia darasa la nne kule upande wa Mbesa, akaingia Songea na viatu vya kuazima, akalala kwenye gereji za watu juu ya viti vya magari mabovu, na leo ana karakana yake mwenyewe Matogoro, nyumba ya vigae na mke mwenye saluni mjini, huyo ashangazwe na nini? Nimenyoosha bodi za magari yaliyopinduka mpaka mwenye gari akalipita bila kulitambua. Nimeandika mabango ya maduka zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na herufi sikosei, ingawa kitabu kizima sijawahi kukisoma mpaka mwisho. Wahandisi wenye digrii zao wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri niwatengenezee mifano ya majengo yao kwa mbao na kadibodi, na chai nimewanunulia mimi.

Lakini kilichonipa jina ni maji.

Parokia moja ya hapa mjini iliniomba niwatengenezee pango la Noeli. Mimi ni Muislamu, wao wanajua, na mimi najua kwamba wanajua. Walichokuwa wanakitaka ni mikono. Ndani ya pango nikawawekea kisima cha kunyweshea kondoo. Nilichukua kipande cha kioo, nikakipaka rangi kwa chini: nyeusi katikati, kahawia pembeni, na mchanga mwembamba ukingoni. Juu yake nikapaka silikoni ile ya kuzibia madirisha, nikaipigapiga kwa brashi ngumu mpaka ikawa viwimbi vidogo kama upepo umepita. Siku ya mkesha nilisimama nje ya mlango wa kanisa nikawaangalia watu. Mama mmoja aliinua kitenge chake asije akalowa. Hapo nikajua kwamba nimemaliza.

Basi mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekaza, akaingia karakanani mama mmoja wa makamo ya mama yangu mdogo, ameshika mwamvuli uliovunjika mbavu. Wateja walikuwepo wanne au watano, wamejibanza wakisubiri mvua ipungue.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye yule Myao wa maji ya pangoni?"

"Ndiye."

"Na kazi ile uliifanya kwa mikono hiyo hiyo?"

"Kwani unaona nina mingine?"

Akacheka. "Basi mtani, leo umepatikana."

Alikuwa Mngoni. Kwa asiyejua mambo ya huku kwetu, Mngoni na Myao ni watani. Babu zetu walipigana, wajukuu tunatukanana. Mtani wako akikusema hukasiriki, hata akikusema msibani. Na akikushikia kitu chako mbele za watu, unakikomboa kwa anachotaka yeye, kisha mnacheka. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa.

Akakaa, akaeleza shida yake. Alitoka kijiji kimoja upande wa Mpitimbi. Baba mkwe wake, kabla hajafa, aliwagawia watoto wake wawili bonde moja, na mpaka akauweka kijito. Ng'ambo hii ya mashariki ya mume wake, ng'ambo ile ya magharibi ya shemeji yake. Mume akafariki. Halafu miaka mitatu iliyopita ikaja mvua kubwa, kijito kikaacha njia yake, kikajichimbia njia mpya ndani ya upande wake yeye. Bustani yake yote ya mboga, pale alipokuwa akilima kabichi na figiri wakati wa kiangazi, ikajikuta upande wa shemeji. Shemeji akasema mpaka ni kijito, na kijito si hicho hapo? Akalima bustani, akalima na mkondo wa zamani, akasawazisha, akapanda mahindi. Ulipofika mwaka wa pili akaanza kusema kijito hakijawahi kuhama tangu azaliwe.

"Na wazee wanaojua?" nikamuuliza.

"Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao. Waliobaki wanasaga kwenye mashine yake." Shemeji alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. "Baraza la ardhi la kijiji walikuja bondeni, wakakuta mahindi. Wakaniuliza, mama, kijito kilipita wapi? Nikaonyesha kwa mkono. Mahindi ni mahindi, baba, mkono hauonyeshi kitu. Wamenipa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nisipokuwa na la kuonyesha, wanafunga jambo."

"Wakifunga?"

"Nina wajukuu wawili wanaokula na kusoma kwa bustani ile. Wakifunga, naenda kwa binti yangu Dar es Salaam nikalale sebuleni kwa watu. Nyumba ya mume wangu naifunga kwa kufuli."

Aliyasema hayo bila kulia, akiukunja mwamvuli wake. Alitaka nimtengenezee bonde lile kama lilivyokuwa, dogo, la kubebeka, ili baraza walione kwa macho. Na ndani yake kijito. Na kijito, akasema, kiwe kijito, kisiwe kamba ya bluu, kwa sababu mtu aliyekunywa maji ya pale atayajua akiyaona.

Akatoa pesa kwenye fundo la kitenge. "Shilingi laki moja na ishirini. Nimeuza nguruwe. Utaishika pesa ya nguruwe, mtani?"

"Pesa ikifika mkononi mwangu haikoromi tena," nikasema, na wateja wakaangua kicheko.

Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nikiwa na watu wananisikiliza mimi hujisahau. Nikawaambia wote kwamba kioo ni mambo ya kitoto, safari hii nitamwaga rezini, ile inayomwagwa kwenye meza za matajiri, inakuja ikiwa nyepesi kama maji na inaganda ikawa ngumu kama kioo, unaona mpaka chini. "Mama," nikasema, "maji yangu yasipokauka yakawa makavu kama hii meza, nakurudishia laki yako na ishirini yake, na jogoo juu. Hawa ni mashahidi."

"Mmesikia," akawaambia wale wateja. "Jogoo mkubwa. Myao ana tabia ya kuleta kifaranga."

Wiki mbili nilifanya kazi ya bonde, na nilifanya vizuri kweli. Nilikata plaiwudi ya ukubwa wa mlango wa kabati, nikajenga vilima kwa yale mapovu meupe yanayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, nikavipaka jipsam na gundi. Mama alikuja mara tatu kwa bodaboda kunisimamia. Siku ya kwanza nilikuwa nimepaka mkondo rangi ya bluu. Akauangalia muda mrefu.

"Hili ni bwawa la hoteli?"

"Maji si bluu, mama?"

"Uliyaona wapi? Wewe hapo nyuma ya nyumba yako unaanza Mto Ruvuma mzima, hujawahi kupanda ukatazama?"

Kesho yake asubuhi nilipanda mlima wa Matogoro. Ni kweli. Chini ya miti maji hayana rangi yake mwenyewe. Penye kina ni meusi kama chai ya rangi, penye mchanga ni ya asali, na penye mwanga ni ya mbingu ilivyo siku hiyo. Nikarudi nikafuta bluu yote. Nikapaka kahawia iliyokolea katikati, nikaifanya nyepesi kadiri ninavyokwenda ukingoni, nikatandaza changarawe alizoniletea mama kwenye mfuko, nikatupia majani mawili matatu ya chai kama majani yaliyooza chini. Yeye amesimama nyuma yangu akielekeza kwa fimbo ya mwamvuli.

"Hapa maji yanasema. Hapa kwenye kona yananyamaza. Hapa chini ya mkuyu yanazunguka kwanza, ndipo yanaondoka."

Mkuyu ule ulikuwa ndio moyo wa kesi, na naomba msomaji aushike. Ulikuwepo bado, mti mkubwa, ila sasa ulikuwa umesimama katikati ya mahindi ya shemeji, hatua zaidi ya sitini kutoka penye maji. Mama alisema zamani ulikuwa ukingoni, mizizi ndani ya maji. Shemeji alisema umekuwa nchi kavu siku zote. Mimi nikautengeneza kwa waya na sifongo, nikauweka ukingoni kama mama alivyosema. Juu kidogo ya kona nikaweka jiwe la kufulia.

Kumwaga rezini nikakuacha mpaka Jumanne ya wiki ile ile ya baraza. Kwa nini nikaacha? Kwa sababu nilijua ni kazi ya kulala na kuamka. Ndivyo nilivyojua.

Jumanne kulikuwa na baridi na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Rezini inakuja kwenye chupa mbili: moja rezini yenyewe, ya pili hadina ya kuigandisha. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, lakini palikuwa na picha: vikombe viwili vya hii, kikombe kimoja cha ile. Picha niliielewa vizuri. Nikaidharau. Mimi nimetumia fila ya magari miaka zaidi ya ishirini, ile tunayojazia bodi iliyobonyea, na nayo ina hadina yake. Siku ya baridi kila fundi anaongeza hadina kidogo ili fila iwahi kukauka. Hakuna aliyetufundisha, tunajua kwa mkono. Basi kwa kuwa ilikuwa baridi, nikamimina kwa macho. Vikombe viwili vya rezini, na cha hadina kimoja, kisha kingine karibu kijae. Nikakoroga taratibu nisitie mapovu, nikamwaga kwenye mkondo. Yakatiririka yenyewe, yakalizunguka jiwe, yakaingia chini ya mkuyu. Nikapitisha moto wa gesi kwa juu, mapovu yakapasuka. Wallahi yalikuwa maji. Nilikaa kwenye kigoda nikayatazama kama mtu aliyepata mtoto.

Jumatano asubuhi nikagusa kwa kidole pembeni. Kidole kikanata.

Nikajiambia ni baridi. Mchana nikagusa tena: kinanata. Jioni: kinanata vile vile, si zaidi, si pungufu. Nikawasha jiko la mkaa, nikalisogeza karibu. Alhamisi nikaenda saluni kwa mke wangu nikachukua draya ya nywele bila kumwambia, nikapuliza kutwa nzima mpaka draya ikatoa moshi na kunyamaza. Maji yakawa ya vuguvugu, yananata.

Mke wangu akaja kuifuata draya yake. Akainama juu ya bonde.

"Baba watoto, haya ni maji au ni gundi ya kutegea panya?"

"Yatakauka."

"Na draya yangu itafufuka?"

Ndipo nikampigia simu kijana mmoja wa Dar aliyeniuzia rezini. Nikamweleza. Akaniuliza kwa adabu, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angecheka: "Mzee, hadina ulipima?"

"Niliongeza kwa sababu ya baridi."

"Mzee wangu, hiyo si fila. Hii ni kama harusi, kila bwana harusi na bibi harusi wake. Wewe umealika mabwana harusi kumi na mabibi harusi watano. Wale watano wa ziada watakaa ukumbini mpaka kiama. Haikauki hiyo."

"Nifanyeje?"

"Uikwangue yote uanze upya."

Kukwangua maana yake ni kung'oa changarawe, rangi, jiwe na mizizi ya mkuyu, kazi ya wiki mbili, na ilikuwa Alhamisi jioni. Nikamwambia anitumie chupa nyingine kwa basi, labda nitaweza kumwaga tabaka jembamba juu ya hili bovu, likauke lenyewe. Akasema basi la kesho, na ningeupata mzigo Songea Jumamosi mchana. Baraza lilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi.

Ijumaa nilikwenda kuswali, na sikumbuki khutba ilihusu nini. Mama alipiga simu mara mbili. "Mtani, maji yamekauka?" Nikamwambia usiwe na wasiwasi. Sikumwambia ndiyo. Nilijiona mjanja kwa hilo, kisha nikajiona mshenzi. Mimi nikikosea bodi ya gari, gari linarudi, nalinyoosha tena. Hili lisingerudi. Yule mama alikuwa ameuza nguruwe wake akanunua mdomo wangu.

Jumamosi alfajiri nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Bonde likawekwa nyuma juu ya godoro, nikalifunika kwa kipande cha chandarua nilichokikaza kwenye fremu ili kisiguse maji, na mimi nikapanda nyuma nikakaa nalo. Barabara ya Mpitimbi siku hiyo ilikuwa tope tupu. Kila tulipoteleza nilishika fremu kwa mikono miwili, namwambia dereva pole pole, naye ananijibu, "Mzee, umebeba yai au umebeba bomu?" Mvua ilikatika tulipokaribia, jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kuruka kutoka ardhini kwa maelfu. Mmoja akapenya chini ya chandarua. Akatua katikati ya kijito, mabawa yamefunguka, akanata. Akapigapiga mara tatu, akatulia. Nikataka kumtoa, nikaogopa kuacha alama. Nikamwacha.

Mama alikuwa ananisubiri kwenye ofisi ya kijiji, amevaa gauni lake la kanisani. Akafunua chandarua. Akamwona yule kumbikumbi, akatabasamu.

"Hapo sasa. Mwezi wa tatu huwa wanaanguka hivyo hivyo. Hata hilo ulikumbuka?"

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "mtu asiguse maji."

Akanitazama machoni, na akaelewa. Yale macho sitayasahau. Aliangalia tu mkono wangu, kisha maji, kisha akakunja kitenge chake kifuani kama mtu aliyesikia baridi.

Baraza walikaa kibarazani, wajumbe saba kwenye mabenchi, na watu wa kijiji wamejaa uani. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Bonde likawekwa juu ya meza mbele yao. Watu wakasogea. Nikasikia minong'ono, "Kile si kile kilima cha kwa mzee?" na mwingine, "Angalia maji, mama yangu, yanazunguka kabisa." Siku nyingine yoyote ningevimba nipasuke. Siku ile nilihesabu vidole vya watu. Kila aliyenyoosha mkono nilimkemea: "Kwa macho, ndugu, kwa macho tu." Jua lilikuwa limepiga meza. Nilijua likizidi, rezini italegea zaidi. Mtu mmoja tu angegusa, uzi ungevutika kati ya kidole chake na kijito, kicheko kingelipuka, na kesi ya mama ingeishia kwenye kicheko hicho. Nani angeamini bonde la gundi?

Shemeji akafika akiwa amechelewa, ametoka mashineni, unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Mtu mkubwa, sauti kubwa. Alizunguka meza mara moja, mikono nyuma.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "kwa hiyo siku hizi mpaka wa Wangoni unachorwa na Myao? Huyu anajua nini kuhusu mto? Hawa wanajua korosho. Ametengeneza bakuli la uji akaliita bonde la baba yangu."

Watu wakacheka. Ni utani, na utani haujibiwi kwa hasira. Ningenyamaza ningekuwa na akili. Lakini alikuwa ameiita kazi yangu bakuli la uji, na mimi nilikuwa sijalala vizuri siku tatu.

"Mtani," nikamwambia, "wewe maji ungeyajulia wapi? Mngoni akiona maji anauliza pombe ya kangara itaiva lini. Nimeambiwa wewe hata kuogelea hujui, ulikuwa ukiogeshwa kwenye karai mpaka unaota ndevu."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Yule mama mwenyekiti alishika miwani yake isidondoke.

"Mimi?" akasema shemeji. Alikuwa anacheka naye, lakini shingo imeanza kumvimba. "Mimi siogelei? Waulize hapa! Mimi nilikuwa narukia kichwa chini, wenzangu wote wanaogopa!"

"Uliruka wapi? Kwenye karai?"

"Na jiwe lenyewe umelikosea!" Sasa alikuwa ananiinamia juu ya meza. "Umeliweka juu ya kona. Mama yetu hakufulia hapo hata siku moja. Jiwe lilikuwa huku chini, sisi tunapanda juu yake, tunashika tawi la mkuyu, tunajirusha hapa! Hapa penye kina!"

Na akabonyeza kidole chake.

Nilikiona kikishuka na sikuwa na mkono mrefu wa kukizuia. Kilizama kwenye maji chini kabisa ya mkuyu. Alipokivuta, maji yakamfuata, uzi mwembamba unaong'aa kama utelezi wa konokono, ukarefuka, ukakatika. Ndani ya kijito kukabaki shimo la kidole, na mduara wa unga mweupe kulizunguka.

Nikafumba macho nikisubiri kicheko. Hakikuja.

Nilipofumbua, mwenyekiti alikuwa amesimama, amevua miwani yake, anaangalia lile shimo.

"Mlirukia wapi, baba?" akauliza.

"Nani?"

"Wewe. Umesema mlishika tawi la mkuyu mkajirusha majini. Majini wapi?"

"Nilikuwa nataniana na huyu."

"Sawa. Lakini kidole chako hiki hapa." Akaelekeza kwa kalamu bila kugusa. "Kiko chini ya mkuyu. Kina unga wako. Mkuyu mmoja tu uko bondeni kwenu, na tuliuona katikati ya mahindi. Mlikuwa mnarukia mahindi?"

Shemeji aliangalia kidole chake. Kilikuwa kinang'aa. Akajaribu kukifuta kwenye suruali, kikashika nyuzi za suruali. Mjumbe mmoja mzee akasema polepole, kama anajisemea, "Hata mimi niliruka pale. Mara moja. Nikapoteza kaptura." Akawageukia wenzake. "Ni kweli. Maji yalikuwa yanazunguka kwanza."

Mama alikuwa amesimama kando yangu, na nilisikia anavyopumua. Shemeji angeweza kubisha. Angeweza kuipeleka kesi mbele, mjini, kwa mawakili, na yule mama asingekuwa na nguruwe wa pili. Sote tulimwangalia yeye. Yeye alikuwa bado anaangalia lile shimo. Sijui alikuwa anaona nini pale. Labda mama yake anafua. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa imeshuka.

"Kilihama," akasema. "Usiku wa ile mvua. Mimi mwenyewe nilikisikia."

Wakaandikishana pale pale: mpaka ni mkuyu na mkondo wa zamani, mahindi yaliyomo avune mwenyewe shemeji msimu huo, baada ya hapo bustani inarudi. Wakatia vidole kwenye wino. Shemeji akasaini kwa kidole kile kile, na karatasi ikamnata.

Toka siku hiyo watu wengi wamenisifu kwamba niliyaacha maji mabichi makusudi, kwamba ni mtego wa Kiyao. Nami kuna mahali nimewaacha waamini hivyo, sikatai. Hapa nasema ukweli: sikupanga chochote. Nilikosea kipimo cha vikombe viwili kwa kimoja, kitu ambacho mtoto wa chekechea anaweza kukipima.

Nilipokuwa nafunga chandarua changu niondoke, mama akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalikuwa na maji, ya kweli. Kisha akanyanyua mkono wangu juu, watu wote waone.

"Jamani, huyu mtani nimemshika. Alisema mbele ya mashahidi maji yake yasipokauka ananirudishia pesa yangu yote, na jogoo."

"Mama," nikasema, "bustani si umepata?"

"Bustani nimepewa na kidole cha shemeji yangu. Wewe nilikulipa unipe maji makavu. Haya, nani anasema makavu? Aje aguse."

Hakuna aliyekuja. Shemeji ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, huku akisugua kidole chake kwa mafuta ya taa. "Mlipe, mtani! Na jogoo awe mkubwa!"

Nikalipa, tena nikicheka, ndiyo sheria. Jogoo nikamnunua pale pale kijijini kwa bei ya mtu aliyeshikwa.

Mchana nilipofika mjini, chupa mpya za rezini zilikuwa zimefika. Nikampigia mama, nikamwambia nitarudi niyamwagie maji tabaka jipya, safari hii kwa kipimo, yakauke kama kioo, na lile shimo lizibike.

"Kidole kiache," akasema. "Na kumbikumbi wangu muache."

Kwa hiyo bonde liko kwake mezani mpaka leo, limefunikwa kitambaa alichofuma, vumbi limeshaanza kushika, na bado linanata. Chupa mpya ziko kabatini kwangu, hazijafunguliwa, na kikombe cha kupimia kimekaa juu yake. Pesa yake nilimrudishia yote, hiyo siihesabu kwa kuwa haikuwa yangu. Ukichukua rezini mara mbili, mzigo wa basi, kirikuu, draya ya mke wangu na yule jogoo, maji yale yalinigharimu shilingi laki tatu na elfu tisa na mia tano.